Kila Mtu Afunge Upande Wake

Ujumbe ulikuja kwa simu ya mjomba wa binti tunayemposa kwa ajili ya mdogo wangu. Mjomba mwenyewe aliusema huku akicheka, lakini sisi hatukucheka hata kidogo. Baba wa binti alikuwa amesema hivi: "Wakishindwa tena kuvuka mbuga yangu, wasirudi. Mtu asiyeweza kuvuka tope kuja kumchukua binti yangu, atavuka nini kumleta kunisalimia?" Siku ni Jumamosi, na mwisho saa sita mchana. Jua likishapinda, tusijisumbue.

Alisema "tena" kwa sababu mara ya kwanza tulishindwa kweli. Tulikodi kibasi, wazee wakavaa suti, kibasi kikazama hadi tumboni kabla hata hawajaliona paa la ukweni. Walirudi Mwanza jioni wamebeba viatu mikononi. Jamani, aibu ile! Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anayefanya kazi kiwandani Nyakato, hakula siku hiyo. Alikuja kwangu Igogo akakaa jikoni kwenye kigoda, mwanaume mzima na ndevu zake, akaniambia, "Dada, nikimkosa huyu msinitafutie mwingine."

Nikamwambia nyamaza, humkosi. Safari hii tunakwenda na mkonga.

Mkonga ni gari la marehemu baba. Aina ile watu wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa, kama tembo aliyeinua pua. Nililirithi mimi, si kaka zangu, na aliyeuliza kwa nini nilimjibu kwa swali: enzi zile nani alikuwa akishuka topeni? Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo Igogo nzima inalijua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili. Siku hizi nabebea dagaa kutoka mialoni, kule mitumbwi inakoshushia, na harufu yake imeingia kwenye viti mpaka kwenye mishono. Sijali. Gari ni lile lile.

Ndani yake kuna fimbo mbili za gia. Ndefu ni ya kawaida. Fupi, iliyo pembeni yake, ndiyo ya kuingiza fowili, yaani kuyafanya magurudumu yote manne yavute badala ya yale mawili ya nyuma peke yake. Lakini, na hapa ndipo watu wa siku hizi wanaponiudhi, fimbo peke yake haitoshi. Kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele pana kitasa cha kuzungusha kwa mkono, mafundi wanakiita habu. Usipokifunga hicho, vuta fimbo mpaka ing'oke, gurudumu la mbele halina habari na wewe. Sharti ushuke. Kwenye tope lenyewe, na viatu vyako.

Na kwetu kushuka huko kulikuwa na sheria yake. Baba alifunga habu ya kulia, upande wa dereva. Mimi, mtoto wa darasa la tano, nilifunga ya kushoto. Baba hakuwahi kugusa ya kwangu, hata nilipochelewa na mvua inanyesha, na mimi nisingethubutu kugusa ya kwake. "Kila mtu afunge upande wake," alikuwa akisema. Nilipokwenda shule ya bweni, kushoto akapewa kitinda mimba. Baba alipofariki mimi nikahamia kulia, kitinda mimba akabaki kushoto, na mpaka leo tukiwa safarini hatuulizani. Tunashuka, tunafunga, tunapanda.

Nimeendesha na magari ya kizazi kilichofuata, nilipoajiriwa udereva kwenye mradi mmoja wa afya. Yale habu zake zilijifunga zenyewe ukishaingiza fowili. Raha iliyoje! Unavuka bwawa na soksi zako kavu. Ila kuzifungua ilibidi urudi nyuma kidogo, la sivyo zinabaki zimeshika. Basi ungetuona madereva wazima tukifika kwenye lami tunasimama na kurudi nyuma bila sababu, wapita njia wakidhani tumesahau mtu.

Halafu kuna shangingi. Shangingi la kisasa ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, Mhaya wa Bukoba ambaye hawezi kunywa chai bila kukueleza kikombe kimetoka wapi. Gari lake halina habu za kushika wala fimbo fupi. Magurudumu manne yanavuta saa zote, iwe lami, iwe kokoto, iwe foleni ya sokoni. Mkonga ukithubutu kuuweka fowili kwenye lami na kukata kona, mbele na nyuma vinagombana, usukani unakuwa jiwe na matairi yanalia. Shangingi haligombani, kwa sababu katikati limewekewa difu ya ziada. Difu ni lile bonge la gia linaloruhusu gurudumu moja liende kasi kuliko mwenzake gari likipinda. Mkonga una mbili, moja mbele na moja nyuma. Shangingi lina tatu, na juu yake kompyuta, na kitasa cha kuzungusha chenye picha: mchanga, mwamba, tope, theluji.

"Theluji ya wapi, shemeji?" nilimuuliza siku aliyotuonyesha. "Ya Nyakato?"

"Shemeji, wewe endelea na makumbusho yako."

"Na wewe endelea na televisheni yako yenye matairi."

Ndivyo tulivyo, hatuachi. Dada yangu alishachoka kutuamua.

Jumamosi alfajiri tukakusanyika kwangu. Msemaji wetu alikuwa shangazi, dada wa baba, mama wa miaka sabini na kitu ambaye akikutazama tu unakumbuka kwamba hujafagia. Ndiye aliyepanga msafara. Yeye na wazee wawili wenye suti watapanda shangingi, na shangingi litatangulia. Nikapinga. Nikasema mbele ya tope hutangulizi gari zito lenye matairi ya mjini. Tangulia na jepesi lenye meno, zito lifuate njia.

"Mwanangu," shangazi akasema, "ukweni watutazame kutoka kilimani waone tunaongozwa na gari la dagaa?"

Wazee wakacheka. Nikameza.

Lakini kwenye jambo la pili sikumeza. Kwa desturi mwoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Anabaki nyumbani anazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Mimi nikasema bila kitinda mimba siwashi injini. Shangazi akauliza kwani hicho kitasa cha kushoto hakuna mtu mwingine mwenye vidole. Nikasema hakuna. Akanitazama, nikamtazama. Mwisho akapumua.

"Ukweni kule hawajawahi kumwona," akasema. "Walionana mjini, binti akiwa chuoni. Basi aende kama utingo. Avae ovaroli, abaki garini, na asifungue mdomo. Akifungua mdomo tu wakamjua, posa imeharibika na mimi simo."

Kitinda mimba alikuwa ameshavaa ovaroli tangu anasikia jina lake.

Tukatoka Mwanza kwa mwendo wa heshima. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha ikanyamaza, hewa safi, mawe yanang'aa, na mimi moyo unaruka. Nisiseme uongo, napenda siku za namna hii kuliko Krismasi. Tukapita Misungwi mjini, tukaenda mbele kidogo, tukaiacha lami na kukata kulia kuelekea ziwani. Barabara ikawa changarawe, changarawe ikawa udongo, kisha mbuga ikatufungukia. Majaruba ya mpunga kulia, majaruba kushoto, maji yamejaa hadi kwenye matuta, na katikati yake kijibarabara cheusi kinachometameta. Udongo wa mfinyanzi ule, mweusi tii, ukilowa unashika tairi na hauachii. Ng'ambo kabisa, kilima chenye mawe na mabati ya ukweni. Nyuma ya kilima, kipande cha ziwa.

Shemeji akasimama ukingoni, akashusha kioo, akanionyesha kwa kidole jinsi anavyozungusha kitasa chake hadi kwenye picha ya tope. Kisha akapandisha kioo akaenda.

Mimi nikafungua mlango nishuke. Shangazi akanipigia simu pale pale kutoka gari la mbele! "Nakuona. Usishuke na hicho kitenge kipya. Utafika ukweni umechafuka."

Nikafunga mlango kwa kishindo. "Funga!" nikamwambia kitinda mimba. Akaruka chini, akapotea nyuma ya boneti, akarudi. "Tayari!" Nikavuta fimbo fupi, nikaingia.

Shangingi lilikwenda vizuri, kusema haki. Likafika katikati ya mbuga likiyumba yumba kama bibi harusi. Kisha likapunguza. Kisha likasimama. Nikaona magurudumu yamegeuka mabonge meusi, meno ya tairi hayaonekani tena. Shemeji anakanyaga mafuta, injini badala ya kunguruma inaguna, gari linatoa mlio wa ka-ka-ka na kuzidi kukaa chini.

Nikajisemea, haya, zamu ya makumbusho. Nikatoa mkonga pembeni, kwenye ukingo wenye majani, nimzunguke nimvute. Nilikuwa nacheka peke yangu. Na hapo hapo mkonga ukateleza, ukazama nyuma, ukatulia.

Nikaweka gia ndogo, nikakanyaga. Nyuma kunachimbika, mbele hakuna kitu. Nikakanyaga tena, nikapiga usukani ngumi. Fowili nimeingiza! Fimbo hii hapa! Shemeji alikuwa ameshashusha kioo na anacheka mpaka miwani inamdondoka.

"Shemeji, vipi? Makumbusho leo hayafunguliwi?"

Sitaandika nilichomjibu. Wazee walikuwepo.

Tulipoinua macho, watu walikuwa wanashuka kilimani. Mbele yao mwanaume mrefu mwenye mabuti ya mpira na kofia ya pama, na nyuma yake maksai wawili waliofungwa nira, na mnyororo wa plau unaburuzwa. Sikuhitaji kuambiwa. Baba wa binti alikuja mwenyewe kutuona tukishindwa.

"Mwangaluka," akatusalimia Kisukuma, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Tukaitikia. Shangazi akaitikia kwa heshima zote, kupitia dirishani, kwa kuwa mlango ungefunguka tope lingeingia ndani.

Mzee akayatazama magari yote mawili. Akatazama jua.

"Ng'ombe wangu hawa wanavuta chochote," akasema. "Mkiomba, nawavuta sasa hivi, na chai mtakunywa. Lakini nikiwavuta mimi, nimevuka mimi. Ninyi hamjavuka."

"Hatujaomba, baba," shangazi akasema.

"Basi nitatazama."

Na kweli akaenda akakaa kwenye tuta la jaruba, fimbo katikati ya magoti, na watu wake wakachuchumaa pembeni kama walio kwenye mpira. Nikamtazama kitinda mimba kwenye kiti cha pembeni. Uso ulikuwa wa majivu. Mdomo alikatazwa kufungua, basi alikuwa akihesabu kwa vidole muda uliobaki hadi saa sita. Nikahisi kulia na nikahisi kupiga mtu.

Nikavua viatu. Nikakunja kitenge hadi magotini, nikashuka, tope likanimeza vifundo. Liwalo na liwe! Nikamwambia kitinda mimba ahamie kwenye usukani akanyage kidogo kidogo nitazame. Gurudumu la nyuma linazunguka. La mbele kushoto limekufa. La mbele kulia limekufa. Nikainama chini ya bampa: shafti ya kupeleka nguvu mbele inazunguka vizuri kabisa. Nguvu inafika mbele, halafu inapotea. Inapotelea wapi?

Nikasimama taratibu.

"Zima," nikamwambia. Akazima. Nikanong'ona dirishani. "Habu ulifunga?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Zote?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama ana vichwa viwili. Akasahau katazo, akanong'ona, "Zote vipi? Kulia si kwako?"

Mama yangu weee! Miaka yote hiyo ya kila mtu afunge upande wake, na siku moja tu niliyokatazwa kushuka, mimi nikadhani kafunga zote, na yeye hata wazo la kugusa upande wa baba halikumpitia. Fundi yeyote wa barabarani angefunga zote mbili akapanda. Sisi hapana. Sisi tuna malezi.

Na habu moja ikiwa wazi, yote ni bure. Difu ni mvivu, inapeleka nguvu palipo rahisi. Upande wa kulia ulikuwa wazi, hausukumi kitu, basi nguvu yote ikawa inazungukia huko hewani, na gurudumu la kushoto, lililofungwa vizuri na mdogo wangu mtiifu, linakaa linatazama.

Nikapiga magoti kwenye tope na kitenge changu kipya. Kitasa kilikuwa kimefukiwa. Kitinda mimba akaruka chini, akajilaza kifudifudi, akachimba kwa mikono miwili mpaka chuma kikaonekana, kisha akanyoosha vidole akizungushe.

"Usiguse!" nikamfokea. Hata mzee kule kwenye tuta alishtuka. Nikakizungusha mwenyewe. Kilikuwa kigumu, kikagoma, nikachomoa kiatu changu garini nikakipiga kwa kisigino, kikalia kwaa! Kimefunga.

Nikapanda. Fimbo fupi, gia ndogo, klachi taratibu. Na mkonga, jamani, mkonga ukanyanyua pua! Nilihisi magurudumu ya mbele yakiuma ardhi na kulivuta gari kama mtu anayejitoa shimoni kwa viwiko. Tope likaruka hadi kwenye vioo. Nikapiga yowe. Wale vijana wa ukweni nao wakapiga, kisha wakamtazama mzee wakanyamaza.

Nikasimama mahali pagumu, nikarudi kwa miguu hadi kwa shemeji. Alikuwa hacheki tena.

"Kompyuta yako inakuua," nikamwambia. "Gurudumu likizunguka bure, inalikaba breki na kuinyima injini nguvu, sivyo?"

"Ndiyo kazi yake. Inazuia kuteleza."

"Kwenye lami yenye maji sawa. Hapa unataka gurudumu lizunguke kwa nguvu litapike hili tope. Zima hicho kitu."

"Shemeji, kitabu cha gari kinasema..."

"Mwanangu," shangazi akasema kutoka kiti cha nyuma, bila kupandisha sauti, "zima."

Akabonyeza kitufe akakishikilia, taa ya njano ikawaka. Nikamwambia afunge na ile difu ya katikati, ili mbele na nyuma viende pamoja, gia ndogo, akanyage asiogope. Kitinda mimba alikuwa ameshakwenda nyuma kusukuma bila kuambiwa. Shemeji akakanyaga, shangingi likanguruma kwa sauti yake ya kweli, magurudumu yakageuka mashine ya kurusha udongo, na yote, yote yakamwishia mdogo wangu. Likatoka! Yeye akabaki amesimama barabarani, mweusi kuanzia utosini, macho mawili tu yanapepesa. Mzee wa ukweni akacheka kwa mara ya kwanza.

Kwa msisimko ule nikawa nimesahau adabu. Nikamkatia shemeji njia, nikatangulia mimi, harufu ya dagaa na yote. Shangazi hakupiga simu. Mabati ya ukweni yalikuwa karibu mpaka unaona mtu anayeanika nguo. Lilibaki korongo moja tu, mfereji ulioachwa na mvua, unakata barabara mshazari. Nikaliona dogo. Nikaingia.

Gurudumu la mbele kushoto likapanda ukingo, la nyuma kulia likapanda ukingo, na mengine mawili yakabaki yananing'inia. Nikakanyaga. Fowili ipo, habu zimefungwa zote, nazifahamu kwa majina, na gari haliendi popote. Yale yaliyo hewani yanazunguka kwa furaha, yale yaliyogusa chini yamelala. Ni ule uvivu wa difu tena, mbele na nyuma kwa pamoja. Na springi za mkonga ni mabamba ya chuma magumu, hayanyooki kufuata shimo. Baba alikuwa akipita sehemu kama zile kwa kujaza mawe, na hilo ni jambo la nusu siku. Kivuli cha gari kilikuwa kimeshajikunja chini ya tumbo lake.

Shemeji akanipita pembeni, taratibu. Safari hii alikuwa ameiwasha kompyuta yake. Akaingia korongoni mshazari vile vile, magurudumu mawili yakaning'inia vile vile, yakazunguka nusu duara, kisha ka-ka-ka-ka, yakakabwa breki. Nguvu ikakosa pa kupotelea, ikarudi kwa yale yaliyogusa ardhi, na shangingi likapanda ng'ambo kama mama mnene anayepanda ngazi, bila kelele, bila haraka. Mlio ule ule niliokuwa nautukana nusu saa iliyopita!

Kitinda mimba akafunga kamba. Shemeji akanivuta, nikatoka.

"Televisheni imekuvuta," akasema.

"Imenivuta," nikakubali, na nilikuwa nacheka mno kuweza kukasirika.

Mzee wa ukweni alikuwa amesimama nyuma yetu na maksai wake wasio na kazi. Akatazama jua, akatutazama, akasema neno moja. "Mmevuka."

Ukweni tukanawa miguu, wazee wakapangusa suti, mimi nikafunga khanga juu ya kitenge kilichoharibika, tukaingizwa sebuleni. Kitinda mimba alibaki nje garini, kama utingo. Shangazi akasimama akayasema maneno yake, jinsi tulivyosikia kwamba nyumba hii ina jiko na sisi kwetu moto tunao, na tukawa tunaitikia panapostahili. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akavua kofia.

"Mmesema vizuri. Na nilichowaambia mmekitimiza. Lakini bado moyo wangu una jambo. Huyo kijana wenu ni wa kiwandani, wa mjini. Mimi mbuga yangu ni hii hii, na binti yangu ni huyu mmoja. Nimemwona yule utingo wenu akilala chini ya gari, akichimba kwa kucha, akimwagiwa tope bila kununa. Angekuwa yule, nisingeuliza. Kijana wenu angeweza vile?"

Shemeji akakohoa. Mimi niliuma ulimi mpaka machozi. Shangazi ndiye aliyejibu, na hakudanganya. "Baba, desturi hairuhusu tumlete mbele yako ili umpime."

"Najua." Mzee akaugeukia mlango wa ndani. "Mwiteni binti."

Akaja amejitanda khanga, akapiga magoti, macho chini. Akaulizwa kama ilivyo ada: wageni hawa unawafahamu? Ukisema unawafahamu, mazungumzo yanaendelea. Ukisema huwafahamu, watu wanaaga.

Akainua uso. Akawatazama wazee wenye suti, akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akarudi kwa baba yake.

"Hawa siwafahamu, baba."

Shangazi akaweka mkono kifuani.

"Ila yule anayenawa pale nje," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu waziwazi, "yule namfahamu."

Mzee aliinuka, akaenda mlangoni polepole. Uani, kando ya mkonga, mdogo wangu alikuwa ameinama kwenye ndoo, mguu mmoja mweupe kwa sabuni, mwingine bado mweusi hadi pajani. Akainua kichwa, akaona mlango umejaa watu, akajua amejulikana. Shangazi alifumba macho. Nami niliomba, kwa sauti nadhani, maana desturi tulikuwa tumeivunja na ushahidi ulikuwa umesimama uani na ndoo.

"Shikamoo, baba," kitinda mimba akasema.

Mzee alimtazama kutoka utosini hadi kwenye ule mguu mchafu, na ule aliokwisha kuosha.

"Marahaba," akasema. "Acha kunawa. Ingia hivyo hivyo."